Ruta tatu kwenye swichi moja: ipi iongoze, ipi ifuate

Chukua jengo la kawaida la Ngamiani, Tanga. Mbele kuna duka la steshenari na fotokopi, juu ofisi ya uhasibu, uani vyumba vya wapangaji. Fiba imeingilia dukani, kila upande umekuja na ruta yake, na katikati imefungwa swichi moja ya poti 8. Kuzichomeka zote ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe iko kwenye kuamua kila ruta iwe nani, kwa sababu ruta tatu kwenye swichi moja zinaweza kuwa mtandao mmoja, mitandao mitatu au vurugu tupu, na kwa macho kebo zikaonekana zimekaa vilevile.

Tunalinganisha mipangilio minne, kuanzia ule wa nyumbani hadi ule wa wenye mitandao mingi, halafu suala la laini mbili za intaneti, ambalo ndilo huzalisha mizunguko ya ajabu kuliko yote.

Kitanzi si mzunguko

Mafundi huita vyote "lupu", na hapo ndipo siku nzima inapopotea kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kuna viwili, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Kitanzi cha kebo kinatokea kwenye swichi. Mtu amevuta kebo mbili kutoka swichi moja kwenda poti mbili za LAN (upande wa ndani) za ruta ileile, akidhani ataongeza kasi. Au ruta imeungwa kwa kebo huku bado inapokea waifai ya ruta kuu kama ripita, kwa hiyo kuna barabara mbili kati ya vifaa vilevile. Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, haina hesabu ya safari zake. Ikiwa ni ya matangazo kwa wote, swichi huitoa kwenye kila poti isipokuwa ile iliyoingilia, inarudi kwa kebo ya pili, inatolewa tena. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Fremu hii yaja leo na haiondoki mpaka uchomoe kebo. Dalili zake huwezi kuzikosa: taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika, na hata ukurasa wa mipangilio wa ruta unagoma kufunguka. Usiguse mipangilio yoyote. Chomoa kebo moja baada ya nyingine mpaka taa zitulie.

Mzunguko wa njia ni jambo la anwani za IP. Ruta A inaamini mtandao fulani uko kwa B, B inaamini uko kwa A. Pakiti ya IP ina TTL, hesabu ya ruta inazoruhusiwa kupita: Windows huianzisha kwenye 128, Linux na Android kwenye 64, na kila ruta inayopitia inapunguza 1. Ikifika 0 inatupwa. Ndiyo maana mzunguko wa njia hauangushi jengo zima. Unaua anwani kadhaa tu na kula uwezo wa waya kimyakimya. Ila usiudharau. Kompyuta ya Windows ikirusha Mbps 2 kuelekea anwani iliyo kwenye mzunguko, kila pakiti itavuka swichi zaidi ya mara 120 kabla ya kufa, na zile Mbps 2 zinakuwa karibu 250. Kwenye poti za Mbps 100 hilo linatosha kukwamisha kila mtu.

Swichi zenye STP, itifaki inayoifunga njia ya ziada kati ya swichi, huzuia kitanzi cha kebo. Radia Perlman aliibuni mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC, na toleo lake la haraka, RSTP, lilikuja 2001. Lakini STP haijui chochote kuhusu mzunguko wa njia, na swichi nyingi za bei nafuu zisizo na ukurasa wa mipangilio hazina STP kabisa.

Mpangilio wa kwanza: ruta moja, nyingine ni akses pointi

Huu ndio unaofaa majengo mengi, na tungeanza nao kila mara isipokuwa kuna sababu ya kuukataa. Ruta ya fiba inabaki na kazi zote: inagawa anwani na ndiyo lango pekee la kutokea kwenda intaneti. Zile nyingine mbili zinapunguziwa cheo, zinakuwa za kurusha waifai tu.

Kwa kila ruta inayoshushwa, ichomeke kwanza kwenye laptopu peke yake, mbali na swichi. Badilisha anwani yake ya LAN iwe ndani ya mtandao wa ruta kuu lakini isigongane nayo: kuu ikiwa 192.168.1.1, hizi zipe 192.168.1.2 na 192.168.1.3. Hakikisha anwani hizo haziko kwenye fungu ambalo ruta kuu inagawa. Anzisha fungu kutoka 192.168.1.50, kwa mfano. Zima seva ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani. Hifadhi, washa upya, kisha toa kebo moja kutoka swichi na uichomeke kwenye poti ya LAN. Poti ya WAN, ile ya upande wa intaneti, iache tupu. Ruta yenye hali ya akses pointi kwenye menyu yake hufanya haya yote kwa kubofya mara moja, na hapo poti ya WAN nayo hutumika kama ya kawaida.

Kosa linalorudiwa ni kusahau kuzima DHCP. Sasa kuna wagawaji wawili, na simu hupokea anwani kutoka kwa aliyejibu mwanzo. Nusu ya wateja wanapata lango la 192.168.1.1 na intaneti inakubali. Nusu wanapata 192.168.1.2, alama ya waifai imejaa na hakuna kinachofunguka. Ukizima na kuwasha simu inaweza kupona, kesho inaugua tena. Kwenye Windows andika `ipconfig /all` na uangalie mstari wa seva ya DHCP: ukiona anwani isiyo ya ruta kuu, mkosaji umempata.

Mzunguko wa njia hapa hauwezekani, kwa sababu anayechagua njia ni mmoja. Kilichobaki ni kitanzi cha kebo, na kinga yake ni kebo moja tu kati ya swichi na kila ruta. Udhaifu wake ni mwingine: wote wako sebule moja. Mpangaji wa uani anaiona printa ya mhasibu.

Mpangilio wa pili: kila ruta kwa poti yake ya WAN

Swichi inachomekwa LAN ya ruta kuu, na kutoka swichi kila ruta nyingine inaingizwa kupitia WAN. Kila moja inabaki na mtandao wake, DHCP yake na nenosiri lake. Ruta za kawaida za kununua zinafanya hivi bila kubadilisha karibu chochote.

Karibu. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kuu ikiwa 192.168.1.1 na ya mpangaji nayo 192.168.1.1, WAN na LAN yake ziko kwenye mtandao wenye jina moja, na ruta haijui upande upi ndio nje. Baadhi hujihamisha zenyewe, nyingine zinakwama tu. Mpe kila mtu mtandao wake: kuu 192.168.10.1, ofisi 192.168.20.1, wapangaji 192.168.30.1.

Jambo la usalama linaloeleweka kinyumenyume: ruta ya WAN humlinda aliye nyuma yake dhidi ya wa mbele, si wa mbele dhidi ya wa nyuma. Ukiacha kompyuta za duka kwenye ruta kuu na kuwaweka wapangaji nyuma ya ruta ya pili, mpangaji bado anaweza kufikia mashine za duka, kwa sababu kwake ziko njiani kuelekea intaneti. Kinga ya kweli ni kulitoa duka pia kwenye ruta kuu na kulipa ruta yake. Mtandao wa 192.168.10.x ubaki ukumbi wa ruta peke yake, hakuna anayelala humo.

Gharama ni kutafsiriwa anwani mara mbili: kila ruta hubadilisha anwani za ndani kuwa yake ya nje. WhatsApp, video na malipo havijali. Kinachoumia ni kitu cha kufikiwa kutoka nje: kamera za ulinzi zisizotumia wingu la mtengenezaji, seva ya ofisi, baadhi ya michezo ya kompyuta. Kufungua poti (hapa ni namba ya huduma, si tundu la kebo) kunabidi kufanyike kwenye ruta zote mbili, ya nje ielekeze kwenye anwani ya WAN ya ndani, na anwani hiyo ifungwe isibadilike. Ikiwa anwani ya nje ya ruta kuu iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma naye anatafsiri upande wake, na kufungua poti hakutasaidia hata ukifanya mara kumi.

Ruta za ndani hazifundishwi njia za wenzao, kwa hiyo mzunguko wa njia hauna pa kuanzia.

Mpangilio wa tatu: njia za kuandika kwa mkono

Hapa ruta ni ruta kweli. Mhasibu anataka kuona seva iliyo dukani, kamera za uani ziangaliwe kutoka juu, na hakuna kutafsiri anwani isipokuwa kwenye fiba. Unahitaji vifaa vinavyokubali kuzima NAT, yaani huko kutafsiri anwani. Ruta nyingi za nyumbani zina ukurasa wa kuongeza njia lakini NAT haizimiki, na hapo mpangilio huu unakwama mwanzoni.

Ukumbi wa kati upe /29, fungu dogo lenye anwani 6 za kutumia, zinatosha: kuu 192.168.10.1, ofisi 192.168.10.2, wapangaji 192.168.10.3. Kwenye ruta kuu andika kwamba 192.168.20.0/24 inafikiwa kupitia 192.168.10.2, na 192.168.30.0/24 kupitia 192.168.10.3. Kwenye hizo nyingine njia ya msingi ya 0.0.0.0/0 iende 192.168.10.1. Halafu hakikisha NAT ya ruta kuu inahudumia pia mitandao ya 20 na 30. Ukisahau, ofisi zitaonana vizuri sana na intaneti haitafika.

Sasa mzunguko wenyewe. Umeme wa juu umekatika, swichi ya ofisi imezimika, na poti ya LAN ya ruta ya ofisi imelala. Ruta nyingi poti ikilala hufuta njia yake kwenye jedwali. Kutoka uani mtu anaitafuta printa ya 192.168.20.15. Matokeo ya tracert, amri inayoorodhesha ruta zinazopitiwa, kwa kufupisha:

```
tracert -d 192.168.20.15
  1   192.168.30.1
  2   192.168.10.1
  3   192.168.10.2
  4   192.168.10.1
  5   192.168.10.2
```

Ruta kuu inasema "20 iko kwa 10.2". Ruta ya 10.2 haina tena 20, inabaki na njia ya msingi, inasema "nisichokijua kipeleke 10.1". Hakuna mmoja aliyekosea kwa jedwali lake. Dawa ni kuiambia ruta ya ofisi kwamba pakiti za mtandao wake zikikosa mahali, izitupe badala ya kuzirudisha. Kwenye Cisco:

```
ip route 192.168.20.0 255.255.255.0 Null0 254
```

Kwenye MikroTik ya RouterOS 7:

```
/ip route add blackhole dst-address=192.168.20.0/24 distance=254
```

Ile 254 ni umbali, yaani kiwango cha kuaminiwa: njia ya poti iliyo hai ina 0, ya mkono ina 1, kwa hiyo njia ya kutupa inakaa nyuma kama mlinzi wa usiku na inafanya kazi poti ikifa tu. Iandike kwenye kila ruta ya ndani kwa mtandao wake. Na ukiamua kuandika fungu kubwa kwenye ruta kuu, tuseme 192.168.20.0/22 kwa ajili ya ofisi, mzunguko utakuwepo hata umeme ukiwa mzima: anwani za 21, 22 na 23 zitatumwa kwa ruta isiyokuwa nazo. Hapo njia ya kutupa iwe ya /22 nzima.

Kosa la pili ni la kompyuta kulala ukumbini. Mashine ya 192.168.10.5 yenye lango 10.1 inaita seva ya 192.168.20.9. Ombi linapita ruta kuu, kisha ya ofisi. Jibu halirudi huko. Ruta ya ofisi inaiona 10.5 iko jirani na kuipa moja kwa moja. Ruta kuu imeona nusu ya mazungumzo, na ukuta wake wa moto, kichujio chake cha usalama, unayakata. Ping, kipimo cha kama mashine inajibu, inakubali, ukurasa haufunguki. Dalili hiyo ikija, usilaumu kebo. Vilevile ukiongeza njia ya mkato kati ya ofisi na wapangaji, iongeze pande zote mbili au usiiongeze kabisa.

Mpangilio wa nne: OSPF

Ruta zinaongea zenyewe na kuambiana nani ana mtandao gani. Kwenye swichi moja huchagua kiongozi na makamu wake, hupeana salamu kila sekunde 10, na asiyesikika sekunde 40 huhesabiwa amekufa. Kwa ruta tatu ni kupika pilau la sherehe kwa ajili ya wageni wawili. Zikifika tano au sita, au kukiwa na njia mbadala kati ya majengo, mfano ofisi ya Chumbageni na ghala la Raskazone, hapo inalipa.

Haimaanishi mizunguko imekwisha. Unaokutana nao mara nyingi unatokana na njia ya mkono iliyosahauliwa: ina umbali wa 1, OSPF ina 110, kwa hiyo ya zamani inashinda hata kama inaelekeza kwa ruta iliyohamishwa. Kabla ya kuwasha OSPF, futa zote usizozihitaji. Njia ya msingi itangazwe na ruta yenye fiba, na fiba ikiwa hai tu. Poti zinazotazama watumiaji zizuie kutoa salamu. Majirani wakikwama kwenye hatua ya ExStart, linganisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) za pande mbili kabla ya kitu kingine.

RIP, itifaki nyingine ya aina hii, iache. Inahesabu hadi ruta 15 tu, na inachukua muda mrefu kukubali kwamba njia imekufa.

| | Akses pointi | WAN kwa kila ruta | Njia za mkono | OSPF |
|---|---|---|---|---|
| Ruta ya nyumbani inatosha? | Ndiyo | Ndiyo | Mara chache | Hapana |
| Watu wametengana? | Hapana | Ndiyo, ukumbi ukiwa mtupu | Kwa ukuta wa moto | Kwa ukuta wa moto |
| Kufungua poti | Mara moja | Mara mbili | Mara moja | Mara moja |
| Hatari kubwa | DHCP mbili | Mitandao yenye anwani sawa | Mzunguko poti ikilala | Njia za zamani |

Laini mbili: fiba na 4G

Wazo la kwanza la wengi ni kuziweka ruta mbili kwenye swichi, kila moja na intaneti yake, na kila moja imuone mwenzake kama akiba. Fiba ikifa, ruta ya fiba hupeleka kwa ya 4G. 4G ikifa, hupeleka kwa ya fiba. Zikifa zote mbili, jambo lisilo geni mvua kubwa ikinyesha, kila pakiti ya jengo inarushwa kama mpira wa watoto mpaka TTL iishe. Akiba iwe ya upande mmoja tu.

Bora zaidi ni ruta moja yenye WAN mbili, na ile ya 4G iwe mlango wake wa pili. Hakikisha inapima intaneti kwa kuping anwani ya mbali kama 1.1.1.1. Taa ya poti ya fiba hubaki kijani hata waya umekatwa mtaa wa tatu, na ruta inayopima lango la karibu tu itaendelea kutuma kwenye shimo.

VRRP inafaa ukitaka hata ruta yenyewe ikiungua kazi isisimame. Ruta mbili zinashirikiana anwani moja ya lango, mkuu anatangaza kila sekunde 1, na akinyamaza takriban sekunde 3 msaidizi anashika. Haitazami fiba mpaka uiunganishe na kipimo cha intaneti. Na lolote utakalochagua, kuhama kutoka fiba kwenda 4G kunabadilisha anwani ya nje: simu ya WhatsApp iliyokuwa hewani inaweza kukatika na malipo yaliyokuwa katikati kubidi kurudiwa.

Onyo moja la swichi: usichomeke kifaa cha fiba, poti ya WAN ya ruta na watumiaji wote kwenye swichi isiyo na VLAN, yaani uwezo wa kuigawa swichi moja kuwa kadhaa. Baadhi ya kompyuta zitapokea anwani moja kwa moja kutoka kifaa cha fiba na kuiruka ruta yako pamoja na ukuta wake wa moto. Ukilazimika kutumia swichi moja, nunua yenye VLAN, fiba iwe VLAN 10, 4G VLAN 20, ndani VLAN 30.

Kwa jengo lile

Kama duka, ofisi na uani ni familia moja, mpangilio wa kwanza. Kama ni wapangaji wasiojuana, na ndivyo ilivyo mara nyingi, wa pili, na duka lipewe ruta yake. Wa tatu uchaguliwe kwa sababu inayotajika kwa jina: seva, kamera, programu ya uhasibu. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari kuna jambo la nyongeza: hewa ya chumvi hushika plagi za RJ45, zikipata ukungu wa kijani poti hushuka kutoka Gbps 1 hadi Mbps 100, au hulala na kuamka ovyo, na kila ikilala ndipo mzunguko wa njia hujitokeza. Kata ncha, funga plagi mpya, weka swichi mbali na dirisha.

Ukitumia mpangilio wa tatu, kabla ya kukabidhi kazi fanya jaribio hili ukiwa bado na ngazi mkononi. Chomoa kebo ya LAN ya ruta ya ofisi, nenda uani, piga `tracert -d 192.168.20.15`. Ikiishia 192.168.10.2, au kwenye nyota, njia ya kutupa inafanya kazi. Ukiona 10.1 na 10.2 zinapokezana, panda ngazi tena.